MAKALA ZA NESI, SEHEMU YA 9: MWACHE MTOTO AKUSANYE KADI ZA MPIRA, ILA MKEKA USIINGIE NDANI

Leo naweka pembeni uji na homa. Leo nazungumzia mpira. Najua kuna mtu ameshasema, "Nesi na mpira wapi na wapi?" Soma mpaka mwisho, utaona unaingia mpaka kwenye sahani ya mtoto.

Kuna swali naulizwa sana, tangu Mwendakulima huku karibu na mgodi wa zamani wa Buzwagi mpaka Nyihogo na Kagongwa. Linakuja hivi: "Nesi, huyu mwanangu ana miaka tisa, kumi, kazi yake ni kukata picha za wachezaji kwenye magazeti na kubandika kwenye daftari. Hela ya andazi ananunulia kadi za wachezaji. Akiamka anauliza matokeo kabla hata hajanawa uso. Je, huu si ugonjwa? Nimchomee lile daftari?"

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane: usilichome. Mtoto anayeifuatilia timu yake kwa kusoma habari na kutunza kadi yuko shuleni bila kujua. Cha kuogopa ni kingine, na hicho kinaingia nyumbani kwa mlango huohuo wa mpira huku sisi tumelala. Kinaitwa mkeka.

TUANZE NA DAFTARI

Hebu siku moja lichukue hilo daftari, kaa nalo hata dakika kumi. Utakuta kuna ukurasa wa Simba au Yanga, picha zimekatwa kwenye Mwanaspoti, zimebandikwa kwa uji wa sembe maana gundi hakuna. Chini kaandika majina kwa mkono wake. Pembeni kaandika namba za jezi, magoli, na msimamo wa ligi kausahihisha kwa kalamu nyekundu. Kadi zake kazifunga kwa rababendi, na ukimwuliza ipi ilipotea anajua.

Sasa niambie, ni somo gani la shule limekosekana hapo? Kusoma kupo. Mtoto ambaye kitabu cha Kiswahili kinamsinzisha ukurasa wa pili, atasoma ukurasa mzima wa usajili mpaka tangazo la mwisho. Hesabu ipo: ushindi pointi tatu, sare moja, kufungwa sifuri, na tofauti ya magoli ni kutoa. Historia ipo: anajua Yanga ilianza 1935 na Simba 1936, na kwamba Simba zamani iliitwa Sunderland mpaka 1971. Jiografia ipo pia. Mwambie amfuate Mbwana Samatta kwenye ramani: katoka Dar es Salaam, kaenda Lubumbashi kuchezea TP Mazembe mwaka 2011, kaenda Genk kule Ubelgiji 2016, halafu Birmingham kwa Aston Villa Januari 2020, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Nchi nne kwa mchezaji mmoja, na mtoto hasahau kwa sababu anampenda.

Na jamani, binti naye asifukuzwe. Nasikia mama anamwambia mtoto wa kike, "Mambo ya mpira waachie kaka zako." Kwa nini? Simba Queens walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake kule Morocco mwaka 2022 na kumaliza wa nne. Twiga Stars wameshacheza fainali za Afrika. Binti anayekata picha ya Opah Clement na kuibandika anajifunza kitu kimoja kikubwa, kwamba mwili wake una kazi nyingine zaidi ya kupambwa na kuoa mtu aje auchague.

Kuna somo lingine ambalo sisi watu wa huku tunalielewa kuliko wengine. Kuna watoto wa Shinyanga waliokua na Stand United, Chama la Wana, timu iliyozaliwa stendi ya mabasi. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15. Mwaka 2015 ikapata udhamini wa Acacia, kampuni ileile iliyokuwa na mgodi wetu wa Buzwagi. Mwisho wa msimu wa 2018/19 ikashuka. Mwadui ya kule kwenye almasi, Kishapu, nayo ilipanda 2015 na kushuka 2021. Geita Gold walipanda wakamaliza wa nne msimu wa 2021/22, George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa magoli 17, akimpita Mayele wa Yanga kwa goli moja tu. Miaka miwili baadaye wakashuka.

Mtoto aliyependa timu kama hizi kajifunza kupenda kitu kinachoshindwa. Na mgodi wenyewe si ndio hivyohivyo? Buzwagi ilianza kuzalisha 2009, ikafungwa 2021. Kuna baba wengi hapa walirudi nyumbani na begi. Mtoto ambaye ameshaona timu yake inashuka na hakuacha kuipenda, ana maneno ya kumwambia baba yake siku hiyo. Watoto wanaolia timu ikifungwa, msiwacheke. Wanafanya mazoezi ya huzuni wakiwa bado mahali salama.

KADI HIZI ZILITOKEA WAPI?

Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri.

Mchezo wa kukusanya kadi za wachezaji ulipata nguvu Marekani, kwenye besiboli. Ule mchezo wa rungu na mpira mdogo, ambao hata Dar es Salaam upo siku hizi, shule ya Azania wana uwanja wake, Wajapani walisaidia. Miaka zaidi ya 100 iliyopita, unajua kadi za wachezaji ziliwekwa ndani ya nini? Pakiti za sigara. Kadi ililinda sigara zisikunjike, na papohapo ilimfanya mnunuzi arudie kampuni ileile ili akamilishe timu. Watoto nao wakawa wanazunguka madukani kuwaomba watu wazima, "Mzee, nipe hiyo kadi." Yaani picha ya shujaa wa mtoto ilikuwa inapanda gari moja na tumbaku.

Kulikuwa na mchezaji mkubwa wa Pittsburgh aliyeitwa Honus Wagner. Kadi yake kwenye sigara za miaka ya 1909 mpaka 1911 ilisimamishwa mapema, ndiyo maana zimebaki chache sana. Inasimuliwa kwamba alikataa kwa sababu hakutaka watoto wanunue tumbaku ili wampate yeye. Wapo wanaosema hapana, shida ilikuwa malipo. Sisi hatukuwepo. Ila mimi kama nesi, ile simulizi ya kwanza naipenda, maana inauliza swali ambalo wazazi tunapaswa kuuliza mpaka leo: picha ya shujaa wa mwanangu imebebwa na nani, na huyo aliyeibeba anauza nini?

Baadaye kadi zikahamia kwenye bablishi na pipi. Kule Italia kampuni ya Panini ikaanza mwaka 1961 na vibandiko vyake vikaenea dunia nzima kwenye Kombe la Dunia. Kadi moja ya mchezaji Mickey Mantle ya mwaka 1952 iliuzwa Agosti 2022 kwa dola milioni 12.6. Wamarekani wana utani kwamba kadi za zamani ni ghali kwa sababu kina mama walizitupa wakifagia vyumba vya watoto! Lakini usije ukamwambia mwanao atatajirika na kadi zake za dukani. Hatatajirika. Anazitunza kwa sababu anazipenda, inatosha.

Sasa turudi nyumbani. Sigara imeondoka kwenye kadi. Angalia kifua cha jezi ya mwanao.

Mwaka 2017 SportPesa iliingia kuwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja. Mwaka 2022 Simba wakahamia M-Bet. Hizi zote ni kampuni za kubashiri. Sisemi zimevunja sheria, zina leseni. Na nitakuwa muungwana kwa upande wa pili: hela yao imelipa mishahara ya wachezaji, imesafirisha timu, imeleta makocha. Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Simba kufika fainali hiyohiyo 2025, hakukuja kwa maombi peke yake. Klabu bila hela inakufa, na watu wa Shinyanga wameshaona.

Lakini sheria yetu inasema mtu chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza michezo ya kubahatisha. Kama mtoto wa miaka sita haruhusiwi kuingia pale, kwa nini jina la pale limeandikwa kifuani kwake? Uingereza, ambako ndiko tunakochukua nusu ya ushabiki wetu, jezi za saizi ya watoto huuzwa bila nembo ya kampuni ya kubashiri. Na Aprili 2023 klabu za Ligi Kuu kule zilikubaliana kuziondoa nembo hizo kifuani hata kwa wakubwa, ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26. Wale wana hela kuliko sisi, sawa. Ila kutengeneza jezi ya mtoto yenye kifua kitupu hakuhitaji hela ya Uingereza. Inahitaji sisi wazazi tuulize. Ukienda kununua jezi, muulize muuzaji, "Ya mtoto isiyo na nembo ya kubeti unayo?" Wakiuliza watu 200, fundi ataitengeneza. Klabu nayo itasikia.

MKEKA UNAVYOKULA MEZANI

Kwa nini nesi anasumbuka na mkeka? Kwa sababu nauona upande wa pili wa kaunta. Namwona mama kaja na mtoto siku ya tatu ya homa, namuuliza mbona umechelewa, anasema baba alikuwa anasubiri "mkeka utiki". Mtoto wa miaka miwili hasubiri mechi ya Jumapili. Malaria kali haisubiri dakika za nyongeza.

Tufanye hesabu pamoja, na mkimaliza mfanyeni na mtoto wenu mkubwa, atakuelewa kuliko ukimpigia kelele. Shilingi 1,000 kwa siku inaonekana ndogo. Kwa mwezi ni 30,000. Kwa mwaka ni 365,000. Igawanye kwa bei ya trei ya mayai mtaani kwako, halafu mwangalie mtoto aliyeko mgongoni.

"Lakini Nesi, kuna siku anapata." Kweli, kuna siku. Ndiyo maana watu hawaachi. Tuseme baba ni mjuzi kweli wa mpira, kila mechi ana nafasi nusu kwa nusu ya kupatia. Mechi moja ni nafasi 1 kati ya 2. Mechi mbili ni 1 kati ya 4. Mechi tano ni 1 kati ya 32. Mechi kumi ni 1 kati ya 1,024. Ndiyo maana mkeka mrefu unaahidi hela nyingi, wenye kampuni wanajua hesabu hii. Na ile sentensi, "umechanwa na timu moja tu, kidogo nitajirike," ndiyo inayomrudisha kesho. Alikuwa mbali kama kawaida, ila timu moja inamfanya aone alikuwa mlangoni.

Sasa tofauti iko wapi kati ya daftari na mkeka, maana vyote ni mpira, vyote ni majina na namba? Tofauti ni hii. Mwenye daftari timu ikifungwa amebaki na daftari, na ukurasa mpya anaandika: "Tumefungwa 2-1." Mwenye mkeka timu yake ikishinda anaweza akanuna, kwa sababu aliweka sare. Mkeka unamnyang'anya mtu timu yake. Nimewaona vijana wa Yanga wanaoomba Yanga ifungwe. Hapo bado kuna ushabiki kweli?

Kijana wa miaka 15 akianza kusema "odi" badala ya "kikosi", akianza kukopa simu yako usiku, akianza kuijua ligi ya nchi ambayo hawezi kuionyesha kwenye ramani, kaa naye. Usianze na kiboko. Mwambie akuonyeshe hesabu ya mwezi mzima, alichotoa na alichopata, kwenye karatasi. Karatasi haidanganyi.

KADI YA MPIRA NA KADI YA KLINIKI

Hili nalo niliseme, maana ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Mtoto wako ana kadi 60 za wachezaji, zote zimenyooka, zimefungwa, anajua ipo ipi. Wewe mama una kadi moja tu ya kliniki ya mdogo wake, na ukija nayo imelowa, imekunjwa mara nane, au umeisahau kwa bibi Isaka. Nikikuuliza chanjo ya wiki 14 alipata, unasema "nadhani". Sasa katika nyumba hiyo, nani ameelewa maana ya kumbukumbu?

Mpe mtoto mkubwa kazi. Mwambie, "Wewe ndiye mtunza kadi wa nyumba hii." Kadi ya kliniki iingie kwenye mfuko wa nailoni, ikae pamoja na kadi zake za Simba. Mfundishe ratiba kama ratiba ya ligi: kuzaliwa, wiki ya 6, wiki ya 10, wiki ya 14, miezi 9, miezi 18. Ile ya miezi 18 ndiyo kina mama wengi wanaisahau, mtoto ameshatembea basi mnaona ligi imeisha. Surua haijui kwamba ligi imeisha. Na ule mchoro wa uzito kwenye kadi, mtoto anayesoma msimamo wa ligi atausoma vizuri tu. Mstari ukipanda, timu inashinda. Ukilala au ukishuka, leta mtoto tumwone, usisubiri tarehe.

YA KUFANYA KUANZIA LEO

1. Weka bajeti ya kadi na gazeti, hata kama ni 500 kwa wiki, na isiongezwe. Hela ya andazi la shule iliwe andazi. Mtoto hawezi kufuatilia mwalimu akiwa na njaa. Kadi zilizobaki azipate kwa kubadilishana na wenzake, humo ndimo anapojifunza kupatana.

2. Gazeti la zamani mwachie mtoto akate. Lakini kufungia vitumbua vya moto na mafuta, hapana. Wino unahamia kwenye chakula.

3. Kadi, visoda, rababendi na vipande vya bablishi visifike kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vinaziba koo. Kolekisheni ya kaka ikae juu.

4. Mechi za Ulaya za saa 4 na saa 5 usiku si za mtoto wa shule. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12. Atasoma matokeo asubuhi, na utamu wa kusoma upo hapohapo. Kwenye banda umiza usiku, pembeni ya moshi wa sigara na mbu na watu wanaosoma mikeka, hapana kabisa.

5. Baba asitume mtoto kupeleka mkeka, wala kumwomba "ubashiri wa bahati". Ukimfanya mtoto kuwa nyota yako, umeshampa tiketi ya kwanza.

6. Soma naye. Hata kama mpira huujui. Mwambie, "Nisomee hapa Geita Gold wamefanyaje." Kama wewe kusoma kunakupa shida, ndiyo nafasi yenyewe, atakufundisha bila kukuaibisha.

Najua wapo mtakaosema nesi anataka kuua starehe ya mwanaume anayetoka kazini amechoka. Sikatai starehe. Baba akae na mwanae, redio iwake, wabishane kuhusu penati mpaka chai ipoe. Hiyo ni dawa, naiandika bila cheti cha daktari. Ninachosema ni kwamba hela ya mtoto isiwe ndiyo tiketi ya kuingilia, na jezi ya mtoto isiwe bango la kitu ambacho sheria imemkataza.

Niandikieni: nyumbani kwenu mtoto anakusanya nini, na kadi ya kliniki iko wapi sasa hivi? Usijibu kwa kukumbuka. Inuka ukaiangalie kwanza.

Sehemu ya 10 tutarudi kwenye uji, nimeahidi: lishe kwa mtoto wa miezi sita, na kwa nini ule mchanganyiko wa nafaka saba si lazima.